Ukuta Kati ya Shangazi na Popo

Siku tuliyohamia kwenye nyumba ambayo haikuwepo, shangazi yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga hodi.

Alisimama mbele ya mlango wa chokaa, yaani pengo dogo kwenye mstari mweupe uliomwagwa juu ya vumbi, akakohoa kama mgeni mwenye adabu zake, akasema, "Hodi humu!" Kinyozi alikuwa ndani ya mistari yake, amekaa juu ya kiti cha kunyolea wateja. Akajibu, "Karibu, karibu. Funga mlango, upepo unaingia." Shangazi akageuka, akashika kitasa cha hewa, akafunga. Naapa niliusikia mlango ukigonga.

Wazimu ule ulikuwa na sababu. Nyumba yetu ya kweli ilikuwa jengo refu la ghorofa moja, lililojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda. Kiwanda kikafa, wafanyakazi wakazeeka, watoto wao wakazaa, na nyumba ikabaki kutuangalia tu kama bibi aliyechoka na wajukuu. Paa lilivuja mpaka tukajua kila tone linaangukia wapi. Ngazi ilipasuka ufa ambao watu walikuwa wanahifadhi funguo ndani yake. Ndipo watu wa jiji wakaja na kofia zao ngumu, wakatuambia tuchague: ama tuijenge upya wenyewe, ama tuondoke, wapewe watu wengine wenye uwezo. Kusikia "wenye uwezo" watu waliwaka. Tukaunda ushirika wetu wa nyumba. Kinyozi akawa mwenyekiti, maana hakuna anayebishana na mtu ambaye kesho atamshikia wembe shingoni.

Michoro ililetwa kwenye karatasi kubwa. Kila mtu akaitikia kwa kichwa kwa heshima, na hakuna aliyeelewa kitu. Shangazi ndiye aliyeisukuma karatasi pembeni.

"Mimi," alisema, "sijawahi kukata kitambaa kabla sijakichora kwa chaki. Na nikikichora, mwenye mwili namsimamisha hapo nimpime. Nyinyi mnataka kukata nyumba nzima kwa kuangalia picha? Twendeni uwanjani tuichore kwa ukubwa wake, tuingie na vitanda vyetu, tukae humo. Panapobana tutajua."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nyuma ya jengo kulikuwa na uwanja mtupu. Tukavuta kamba, tukamwaga chokaa, vyumba vikalala chini vimenyooka kama nguo iliyotandazwa mezani kwa fundi. Ghorofa ya juu hatukuwa na mahali pa kuitundika, tukaichora pembeni. Kwa hiyo watu wa juu siku ile waliishi kando yetu, na wakitaka kushuka walipita kwenye ngazi ya chokaa wakitembea tambarare, wengine wakiinua magoti kabisa kwa kuheshimu ngazi.

Niwaambieni kidogo kuhusu shangazi kabla hamjampenda sana. Ni fundi cherehani. Alianza kwa kufagia vipande vya vitambaa kwenye duka la mama mmoja mkali, akawa anaokota vile vipande na kuviunganisha, mpaka siku moja yule mama akaona msichana wa ufagio amevaa gauni zuri kuliko wateja. Akampa kiti. Baadaye shangazi akaolewa. Mume hakuweza kuvumilia kelele za cherehani, akamwambia achague, yeye au mashine. Shangazi akachagua. Mpaka leo anasema mashine haijawahi kumjibu vibaya wala kumuuliza chakula kiko wapi.

Aliingia kwenye jengo letu na mashine hiyo kichwani na sanduku mkononi, na hapo ndipo aliponilelea. Anashona sare za shule, anabadilisha zipu, anapunguza suruali za waliokonda na kuongeza za walionenepa, na kwa kila mmoja ana neno. "Suruali haijabana, baba, ni wewe umefika." Watu wanacheka, wanalipa, wanarudi.

Lakini macho yalikuwa yameanza kupungua nguvu. Hakusema. Alisema uzi wa siku hizi mwembamba. Alisema viwanda vimekuwa bahili, vinatoboa sindano tundu dogo. Miwani alikuwa nayo, ila hata na miwani alihitaji mchana. Nilimwona akisogeza kiti chake taratibu kuelekea dirishani, mwaka hadi mwaka, kama mmea. Chumba chetu cha zamani kilikuwa kibovu kwa kila kitu isipokuwa dirisha, na yeye alikuwa amelizoea lile dirisha jinsi mtu anavyozoea pumzi zake. Hakulihesabu kama mali.

Turudi uwanjani. Ilikuwa Jumapili yenye jua jepesi, jua la maziwa, na kila kitu kilionekana kimeoshwa. Watu walibeba vitanda, makabati, masufuria, kioo kikubwa ambacho kilibeba mawingu kikivuka uwanja. Ukisimama mahali popote uliona maisha yote kwa pamoja: huyu anakunja nguo, yule anamchana mtoto, wale wawili wamenuniana kila mmoja upande wake wa kitanda. Kuta zilikuwepo na hazikuwepo. Hakuna aliyevuka mstari. Mtoto mmoja alikanyaga chokaa, mama yake akamfokea, "Wewe! Unapita ukutani kama jini?"

Shangazi alizunguka vyumba vyote na futi yake shingoni, akachagua cha katikati chini. Upande mmoja ngazi, upande mwingine jirani, mbele korido, nyuma ghala refu la watu wengine. Akaweka cherehani, akakaa, akatazama huku na huku. "Hapa," akasema. "Hapa namwona kila mtu." Na kweli alimwona kila mtu. Alishona kola nzima pale katikati ya uwanja, uzi ukiingia sindanoni mara ya kwanza kama umeitwa.

Jirani yake aliyechagua chumba cha pembeni, chenye dirisha kubwa, alikuwa Popo. Jina lake la nyumbani silijui na sidhani kama analikumbuka. Ni mlinzi wa usiku, tangu ujana wake. Tulikua tukimwona asubuhi akirudi wakati sisi tunatoka, amevaa koti zito, anatusalimia kwa sauti ya mtu anayeongea kutoka ndani ya mto. Yeye na shangazi walikuwa wanataniana kwa namna ambayo haikuwa mbali sana na ugomvi. Siku ya chokaa Popo aliingiza kitanda chake, akajilaza, akaweka kofia usoni, akalala usingizi wa kweli katikati ya watu wote.

"Mtazameni," alisema shangazi kutoka chumbani kwake. "Amehama na kukoroma kwake."

Kofia ikajibu, "Ongea polepole, mama cherehani. Kuta nyembamba."

Jioni ile watu wawili wakaanza kugombea chumba cha kona, na wa tatu akataka kubadilishana na wa nne, na mambo yakaanza kuharibika. Shangazi akasimama juu ya kiti. "Sikilizeni. Aliyelaza kitanda chake hapa leo, hapa ndipo kwake. Hakuna kubadilishana. Sitaki kesho kutwa mtu aje kwangu anatafuna kucha, eti nimefikiria upya. Ushirika utageuka mnada." Watu wakapiga makofi. Kinyozi akatangaza kwamba ndiyo sheria. Shangazi akashuka kitini akiwa amejaa, uso unang'aa.

Ujenzi ukaanza palepale uwanjani, sisi tukiendelea kuishi kwenye jengo la zamani. Wataalamu wa zege walikuja na mashine yao, lakini kubeba, kuchota na kumwagilia kulikuwa kwetu, kwa zamu. Nguzo zikasimama kwanza. Kisha zege la ghorofa ya juu likamwagwa juu ya nguzo, na kuta za nje zikafuata. Ilikuwa bado nyumba ya ndoto: sakafu, dari, na katikati upepo tu. Shangazi alipenda kwenda na kazi yake ya mkono, anageuza ndoo, anakaa mahali ambapo cherehani itakuja kusimama, anapinda mapindo ya sketi za shule huku fundi mwashi akijenga ukuta wa kati, baina yake na Popo.

Siku hiyo nilikuwa nampelekea mwashi matofali. Nuru ilikuwa inaingia kwa dirisha la Popo, ambalo lilikuwa bado tundu tu, inavuka chumba chake, inampata shangazi mapajani. Sketi ya bluu iliyokoza, uzi wa bluu uliokoza. Mwashi akapandisha mstari mmoja wa matofali. Shangazi akasogea kidogo. Mwashi akapandisha mwingine. Shangazi akainuka, akaikalia ndoo upande wa pili. Kivuli kilikuwa kinapanda polepole kutoka sakafuni, kimya, kama maji yanavyojaa kwenye beseni. Kilimfika magotini. Kilimfika kwenye sketi. Aliinua sketi. Kikamfuata.

Uzi ukakatika. Akaulamba, akaulenga sindano, akakosa. Akaulenga tena. Akakosa. Aliinua macho akatazama dari, ile sakafu ya juu ambayo uwanjani ilikuwa imelala kando na kina mama wameketi juu yake wakipiga soga. Sasa ilikuwa juu, nzito, haina mpango wa kuondoka. Akatazama nyuma: ghala. Mbele: korido, nayo imefunikwa. Upande huu: ngazi. Upande ule: mwashi na mwiko wake, amefika kifuani na ana haraka.

Mimi niliyekuwa nimeshika tofali niliona uso wake unabadilika kama mtu aliyekata kitambaa cha mteja vibaya. Chaki ilikuwa imemdanganya kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kitambaa hulala chini, na kila mstari wake huona jua. Nyumba haikulala. Ilisimama.

"Fundi," akamwambia mwashi kwa sauti tamu ambayo sijawahi kuisikia, "hebu pumzika leo. Unafanya kazi mpaka unaniumiza roho."

Mwashi akatoa macho. "Mimi? Juzi uliniambia natembea kama kobe mjamzito."

"Juzi ilikuwa juzi. Nenda."

Nyumbani hakula. Niliwasha taa, nikamwambia taa ipo, tutaweka kubwa. Akanipa sindano na uzi wa bluu na kipande cha bluu. "Shona," akasema. Chini ya ile taa rangi zote mbili zilikuwa nyeusi, na mimi nina macho ya kijana. Nikamrudishia. Hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa. Bila mchana hashoni, na asiposhona ni nani? Ni mama mmoja tu mwenye maneno.

Asubuhi alijifunga kanga vizuri, akaenda kumsubiri Popo. Nilijua anakwenda kuomba wabadilishane vyumba. Sheria ya kukataza hilo ilikuwa ya kwake mwenyewe, na jengo zima lilikuwa limeipigia makofi. Nilimfuata kwa mbali, mikono mfukoni, najitia nina shughuli.

Popo hakuwa amekwenda kulala. Alikuwa kwenye chumba chake kipya, amesimama kwenye lile tundu la dirisha na koti lake la usiku, viwiko juu ya tofali bichi. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linaingia mtaani, linalamba mabati moja baada ya jingine.

"Mama cherehani," akasema bila kugeuka. "Njoo uone kitu."

Shangazi akasogea. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na mtaa: mwanamke anamwaga maji, baiskeli imeegemea nguzo, mbwa anapiga miayo.

"Unaona?"

"Naona mbwa."

"Mimi nimelinda maduka, nimelinda benki, nimelinda ghala la magodoro, watu wanalala mimi naangalia milango," alisema Popo. "Mchana wote wa maisha yangu nimeupitisha na blanketi kwenye dirisha. Tukihamia humu nitakuwa nimeacha kazi. Nimechagua hapa nikae tu niuangalie mchana. Saa zake zote. Nasikia adhuhuri vivuli vinaisha kabisa, kweli?"

Shangazi akaweka viwiko juu ya tofali kando yake. Ulimi ule ambao ulikuwa unaweza kumvua mtu nguo na kumvalisha tena, ulikuwa umelala.

"Vinabaki kidogo," akasema mwisho. "Chini ya miguu."

"Ahaa." Popo akatabasamu kwa mtaa. "Ulikuja kuniambia nini?"

"Nilikuja kukusalimia."

"Wewe? Kunisalimia mimi?"

"Shikamoo, basi."

"Marahaba. Sasa umenitisha."

Shangazi aliondoka akanipita kama hajaniona, akamkuta mwashi anachanganya saruji, akamwambia, "Endelea." Mwashi akashika mwiko, akatandaza saruji juu ya ukuta, akaweka tofali la kwanza la mstari mpya. Shangazi akasimama anatazama, mikono kifuani. Tofali la pili. Kinyozi alikuwa ameingia kukagua kazi na taulo lake begani, anauliza ngazi itakauka lini. Tofali la tatu. Nuru ikapungua kwenye shavu la shangazi, na hakusogea kuifuata.

Popo akatokea upande wa pili wa ukuta, kichwa na mabega.

"Nimefanya kazi ya ulinzi miaka yote," akasema, "namjua mtu aliyekuja na jambo akaondoka nalo. Anatembea kama amebeba yai. Sema, mama."

"Nenda kalale, Popo."

"Sema."

"Nimesema nenda kalale!"

"Na mimi nimesema sema."

Mwashi akasimamisha mwiko hewani. Kinyozi akashusha taulo. Shangazi akatazama sakafu, akatazama dari, akatutazama sote kama anatafuta wa kumtukana. Kisha akasema kwa sauti ndogo kabisa:

"Sioni."

Mwashi akashusha mwiko chini.

"Ukuta ukipanda sioni. Uzi siuoni. Nilichagua vibaya. Mimi, niliyewapimia wote, nilichagua vibaya. Na taa haisaidii, msiniambie habari za taa."

Kinyozi akakohoa, akajikuna. Ilionekana wazi anaumia. "Lakini, mama, ile sheria ya kutobadilishana..."

"Naijua! Nani aliitunga?"

"Ndiyo maana nasema."

"Nani kasema abadilishe?" aliuliza Popo. Akaweka kiganja juu ya ukuta, pale kwenye tofali la tatu lenye saruji mbichi. "Fundi, huu ukuta umebeba nini?"

Mwashi akaufikiria. "Haubebi kitu. Nguzo ndizo zinabeba. Huu ni wa kuwatenganisha tu."

"Basi tumetengana vya kutosha." Popo akalitoa lile tofali, akamkabidhi mwashi kama mtu anayerudisha kikombe. "Uishie hapa. Nuru ipite juu."

"We Popo una akili?" shangazi akafoka, na hapo nikajua amerudi. "Watu watasemaje? Mwanamke mzima na mwanamume mzima, ukuta umefika kifuani!"

"Watasema tunaishi kwenye chokaa bado."

"Unakoroma!"

"Na wewe mashine yako inakoroma mchana kutwa. Nani amelalamika? Tutaweka pazia. Usiku unalivuta, mchana unalifungua. Pazia si unajua kushona?"

"Mimi naulizwa kama najua kushona pazia," shangazi akamwambia kinyozi, kama kwamba kinyozi ndiye aliyemkosea. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa, na alijifanya anapangusa vumbi la saruji. Kinyozi akatangaza, kwa sauti ya mkutano, kwamba sheria inasema vitanda visihame, na vitanda havijahama. Mwashi akayatoa na yale mawili ya kwanza, akafuta saruji ya juu, akaulainisha ukingo.

Tulihamia msimu wa jua. Siwadanganyi, haikuwa raha tupu. Mtaa ulisema ulichosema, na vikao vya dobi na wauza mkaa vilipata mada ya miezi. Nuru inayovuka chumba cha mtu mwingine inachelewa kufika na inawahi kuondoka. Ikifika alasiri inajikunja kurudi dirishani kama paka, na shangazi anafunika mashine, hata kama sketi ina upande mmoja tu. Imebidi akatae kazi za haraka. Amepoteza wateja wa sare, wale wanaokumbuka shule siku moja kabla ya shule. Kuna siku anakaa gizani jioni, mikono juu ya mapaja, anamsikia Popo anamhadithia mtaa unavyopita, nani amevaa nini, nani anagombana na nani, naye anajibu, "Hiyo suruali nimeipunguza mimi."

Lakini asubuhi ikichanua, nendeni mkaone. Popo amekaa kwenye kiti chake dirishani, nguo nyepesi, ametulia kama mtu aliyeingia sinema mapema. Jua linampita masikioni, linaruka ukuta, linashuka juu ya kitambaa. Shangazi anakanyaga, gurudumu linazunguka, na vumbi la nyuzi linaelea katikati ya vyumba viwili, halijui liko kwa nani.

Juzi nilikuwepo. Alikuwa anashona mfuko wa shati, mahali pagumu, kwenye pembe. Ghafla pembe ikapotea ndani ya kivuli cha mviringo chenye masikio mawili.

"Popo! Kichwa!"

"Samahani, kuna bwana arusi anapita."

"Ndiyo, na mimi nashona shati lake. Toa kichwa."

Kivuli kikasogea polepole, sikio moja, kisha jingine, kikateleza pembeni ya meza na kuanguka sakafuni. Pembe ya mfuko ikarudi, nyeupe kabisa. Shangazi akainama, akakanyaga.